Ujinga wa Jana

Ukisimama juu ya ukingo wa Manga, huko Gusii, asubuhi isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Victoria likimeta kwa mbali upande wa Kisumu. Njia ya kupandia huko haina huruma: bodaboda hunguruma, na abiria mzito huombwa ashuke atembee. Likizo moja niliwakuta hapo vijana wawili wa chuo kikuu wameketi juu ya jiwe, mmoja ana kijiti, mwenzake ana daftari. Walikuwa wakipambana na kalkulasi.

"Komredi, fomula iache kwanza," alisema mwenye kijiti. "Mwaka jana hii karatasi iliniangusha mara ya kwanza kwa sababu nilianza na fomula. Tazama ile bodaboda. Sitaki mwinamo wa mlima mzima. Nataka wa pale tu gurudumu linapogusa, sasa hivi."

Mwenye daftari aliitazama pikipiki, akautazama mchoro udongoni, akaguna. Jambo alilolisikia darasani wiki nzima bila kulishika lilimwingia kabla pikipiki haijafika kileleni.

Tumezoea kudhani kwamba elimu ni kama maji ya Manga: hutoka juu, hushuka chini. Kwa hesabu hiyo, aliye juu zaidi ndiye afundishaye vizuri zaidi, na mwanafunzi kumfundisha mwanafunzi ni kuchota kwenye dimbwi wakati chemchemi ipo. Basi yule kijana alikuwa na nini ambacho mhadhiri wake hana?

Alikuwa anakumbuka kutojua. Aliyevuka mto jana anajua ni jiwe lipi linaloteleza. Aliyevuka miaka thelathini iliyopita anajua ng'ambo tu. Umahiri huja na usahaulifu wake. Mwulize mchongaji wa mawe wa Tabaka anajuaje pa kukomesha kisu, naye atakuonyesha kwa mkono, kwa kuwa mdomo ulikwisha kusahau. Mhadhiri hafichi njia. Ameipita mara nyingi mno, na hajui tena kwamba ina kona.

Kwa hiyo ujinga uliomtoka mtu jana ni elimu ya aina yake, na ni mali isiyokaa. Ni kama ndizi mbivu katika soko la Daraja Mbili: zisipouzwa leo, kesho ni za kutupa. Kila mara kijana yule anapoeleza, maelezo yake yanazidi kunyooka, naye anazidi kufanana na mhadhiri. Kufundisha ndiko kunakomnyang'anya kile kilichomfanya afundishe vizuri.

Mtu atasema: kipofu akimwongoza kipofu, wote hutumbukia shimoni. Hoja hiyo ina uzito. Kosa la rafiki huingia kwa upole, na likishaingia ni gumu kulitoa kuliko kosa la mgeni. Ndiyo maana mhadhiri hawezi kuachwa nje. Ila kuna makosa ambayo hayamfikii kamwe, kwa kuwa mbele yake watu huyameza. Kuuliza si ujinga, tunasema. Lakini katika ukumbi wa watu mia mbili, nani huinua mkono?

Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, Socrates anamwita mtumwa na kumtaka auongeze mraba hadi eneo lake liwe maradufu. Mtumwa anadhani atarefusha kila upande mara mbili, anapata eneo mara nne, anakwama, kisha kwa kuulizwa hatua kwa hatua anaufikia ulalo. Mazungumzo hayo husifiwa kama mfano bora wa kufundisha kwa maswali. Lakini tazama nani anauliza. Mtumwa kazi yake ni kujibu.

Pale Manga mambo yaligeuka. Mwenye daftari alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ngoja. Kama ni nukta moja tu, gurudumu halijasogea. Halijapanda, halijaenda mbele. Sasa huo mwinamo unatoka wapi?"

Mwenye kijiti alifungua mdomo, akaufunga. Swali hilo ndilo askofu George Berkeley alilowatupia wafuasi wa Newton mwaka 1734: hicho kiasi kidogo, kama kipo, basi hapo si nukta, kama hakipo, mnagawanya nini kwa nini? Msingi wa jibu linalosimama ulianza kujengwa na Augustin-Louis Cauchy huko Ufaransa mwaka 1821. Kijana hakujua lolote kati ya hayo. Alichokuwa nacho ni mtu wa rika lake ambaye hakuona aibu kumwuliza.

Wagusii wana neno egesangio: majirani wachache wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wanaofundishana hudhani wamo katika mpango huo, kwamba mmoja anatoa leo naye atalipwa siku nyingine. Nadhani malipo yalifika palepale. Aliyedhani analima shamba la mwenziwe aligundua jembe limegonga mwamba katika shamba lake mwenyewe, mahali alipopita akafaulu mtihani bila kupachimba.

Aliufuta mchoro kwa kiganja. Pikipiki nyingine ilikuwa inaanza kupanda.

"Hilo silijui," alisema. "Lete daftari."