Daftari na Mja

Ukimwuliza bibi wa pwani ana wajukuu wangapi, aghalabu atakujibu kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia, kisha idadi atakuachia wewe uitafute uani. Maana kuhesabu watoto kwa sauti, kwake, ni kama kumwonyesha hasidi mahali pa kutupia jicho. Wasomi huicheka khofu hii. Mimi siicheki, kwa kuwa naliikuta pia katika vitabu vya dini. Biblia yahadithia kwamba Daudi alipoamuru watu wa Israeli wahesabiwe, Yoabu, jemadari wake, alimsihi asifanye, naye asisikie, na baada ya hesabu ikashuka tauni ya siku tatu iliyoua watu 70,000. Walakini katika Biblia hiyo hiyo kimo chuo kizima kiitwacho Hesabu, ambamo Mungu mwenyewe anamwamuru Musa awaandike watu. Basi dhambi haiwezi kuwa katika kuhesabu kwenyewe, na yatupasa tuitafute pengine.

Naiona karibu zaidi katika habari za Sayyidna Umar bin Khattab, aliyeweka diwani, yaani daftari la watu waliostahiki fungu katika mali ya umma. Imepokewa kwamba hapo mwanzo mtoto hakuandikiwa fungu lake mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar akasikia mtoto akilia pasipo kunyamaza, na alipouliza sababu, mama, asiyemtambua aliyesimama mbele yake, akamweleza kuwa anamwachisha kabla ya wakati kwa kuwa Umar hawaandikii wanyonyao. Kulipokucha akatangaza kwamba kila mtoto ataandikiwa tangu kuzaliwa kwake. Hapana aliyemwamrisha mwanamke yule amnyime mwanawe maziwa. Daftari ndilo lililomwamrisha, na mwenye daftari akakiri kwamba kilio kile kilikuwa juu ya shingo yake.

Ukiri wa namna hii ni adimu katika tawala za wilaya zetu. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, wakihesabu mapaa wala si watu, raia waliona faida ya kubanana chini ya paa moja, na sijasikia bwana shauri aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo. Rufiji, wilaya ambayo maisha yake yote yamefuata kujaa na kupwa kwa mto mmoja, ilipata mtihani wake baada ya mafuriko ya 1968, Serikali ilipowahamisha watu wa bondeni na kuwapanga katika vijiji vya nchi ya juu, ambako shule, zahanati na maji yangeweza kuwafikia. Nia ilikuwa njema, wala sioni haki ya kuidharau. Aliyepoteza akiba yake majini hahitaji mwanafalsafa amwambie kuwa maji ni hatari. Lakini udongo wenye rutuba haukuhamishika. Watu wakajengwa juu, riziki ikabaki chini, na mkulima akawa na nyumba mbili: ile inayojulikana na kijiji, na dungu, kijumba juu ya nguzo kule shambani, anamolala miezi kadhaa akiwinga ndege na kufukuza nguruwe na nyani.

Sasa mtu huyu aandikwe wapi? Sensa yetu humhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa tarehe 23 Agosti, majira ambayo mazao ya mlau, yapandwayo maji yakisha kushuka, yangali yakihitaji mlinzi. Katika jumla ya watu 61,741,120 waliopatikana nchini, mlinzi wa dungu hampunguzi mtu wala hamzidishi. Ila ikiwa dungu lake limeangukia ng'ambo ya mpaka wa kijiji chake, amepungua kule ambako mkewe hungoja zamu zahanatini, na ameongezeka pale ambapo jirani yake wa karibu ni kiboko. Karani hana taksiri, amefuata kanuni. Mkulima naye hakusema uongo. Nami kila nikimfikiria mtu yule juu ya nguzo zake, akiulizwa gizani jana usiku alilala wapi, hunijia swali jingine: ni nani leo, katika maofisi ya wilaya, ambaye kazi yake ni kutoka usiku akasikilize?