Je, ni Halali Kutaja Siku Usiyoijua?

Swali la safari hii latoka baharini, tena kwa watu wenye nafasi ya kupumzika, hivyo yamkini wengine mtaona kwamba halituhusu. Zipo meli kubwa zisizochukua shehena wala kuvusha watu waendao kazini au kusalimia jamaa. Zimejengwa kwa ajili ya likizo tu. Mtu hupanda, hula, hulala, akaamka katika bandari nyingine, akatembea mjini mchana na jioni kurudi melini. Watu wa pwani huziona zikija Mombasa na Unguja, nyeupe, kama mtaa mzima wa maghorofa unaoelea. Mwaka 2019 watu karibu milioni 30 duniani walisafiri hivyo. Kisha, Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, meli hizo zikasimama karibu zote, na kwa zaidi ya mwaka mmoja wenye tiketi waliuliza neno moja tu: lini?

Wala si wao peke yao waulizao hivyo. Mgonjwa humwuliza daktari, mwenye kesi humwuliza karani, mama humwuliza fundi cherehani juu ya sare ya mtoto. Nasi tulioulizwa, mara nyingi hatujui. Je, ni halali tutaje siku?

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Mapema Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, nchini Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani mwao, lakini wapishi na wahudumu waliendelea kuwapelekea chakula, na usiku wakalala wawili au zaidi chumba kimoja. Mwishowe watu zaidi ya 700 waliambukizwa. Mwezi huohuo meli nyingine, Westerdam, ilikataliwa na bandari moja baada ya nyingine mpaka Kambodia ilipoipokea. Zaandam iliondoka Buenos Aires tarehe 7 Machi, na hata ilipofunga gati Florida tarehe 2 Aprili watu wanne walikuwa wamekwisha kufa ndani yake. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba meli iliyojengwa ili ikaribishwe kila mahali yaweza kukosa mahali pa kutua.

Tarehe 13 Machi makampuni yanayotumia bandari za Marekani yalitangaza kusimama kwa siku 30. Kesho yake idara ya kudhibiti maradhi ya nchi hiyo, CDC, ikatoa amri ya kuzuia safari. Siku thelathini! Kampuni ya Carnival ilisema itarudi baharini baada ya tarehe 9 Aprili. Kisha ikawa baada ya tarehe 11 Mei, halafu 26 Juni. Mwezi Mei ikatangaza kwamba meli zake nane zitaanza tarehe 1 Agosti. Mwezi Juni tarehe hiyo nayo ikafutwa, ikasogezwa mpaka mwisho wa Septemba, na mwisho wa Septemba nao ukapita. Meli yake ya kwanza kuondoka na abiria katika bandari ya Marekani, Carnival Vista, ilitoka Galveston tarehe 3 Julai 2021.

Je, huo ulikuwa uongo? Sidhani. Kusema uongo ni kusema usiloliamini, na watu wale huenda waliamini, angalau mwezi wa kwanza. Tena lugha yenyewe hutusaidia kujificha. Katika Kiswahili, "-ta-" moja hubeba mizigo mitatu. Mtu akisema "nitakuja," huenda anaahidi, huenda anakisia, huenda anatamani tu. Msikiaji huchagua mzigo aupendao, na mwenye hamu huchagua ahadi. Msemaji naye, siku ikipita, husema kwamba alikuwa akikisia. Hakuna aliyedanganya, walakini mmoja amefunga sanduku lake na mwingine hakupoteza kitu.

Hapo ndipo ninapoona shida. Tarehe ina faida kwa aitajaye. Abiria walikuwa wamelipa. Kampuni nyingi ziliwapa hiari ya kurudishiwa fedha, au kuziacha ziwe malipo ya safari ijayo, na kadhaa ziliongeza kidogo, mtu akahesabiwa 125 kwa kila 100 alizotoa. Si dhuluma hiyo, na ni haki tuiseme. Lakini mtu huacha fedha zake pale aonapo safari i karibu. Akiambiwa "Agosti," atangoja. Akiambiwa "hatujui, huenda ni mwaka au zaidi," wengi watataka chao. Mwezi Aprili 2020 kampuni mama ya Carnival ilikopa dola bilioni 4 katika masoko ya fedha. Wakopeshaji wale walitaka riba ya asilimia 11.5 na rehani ya meli. Walijua hali ni mbaya, wakajilinda. Abiria naye alikuwa amewakopesha, kwa maana ya kweli, lakini rehani yake yeye ilikuwa tarehe.

Mtu atanijibu: binadamu hawezi kukaa bila siku. Ni kweli. Mama yule aliyepeleka kitambaa hataki kusikia, "Sijui, mama, umeme unakatika, na cherehani ina shida." Anataka Ijumaa. Akiipata Ijumaa huenda zake ametulia, ingawa moyoni anajua kwamba ni Jumanne ya wiki ifuatayo. Hata wenye meli walihitaji siku, kwa maana meli ya watu 4,000 haiwashwi kama teksi. Lazima mabaharia waitwe kutoka nchi zao, chakula kiagizwe, bandari ziulizwe. Mtu asipochagua siku hakuna kazi itakayoanza. Lakini siku ya kupangia kazi ofisini ni kitu kimoja, na siku ya kuuzia tiketi dirishani ni kingine.

Labda watu wa kale wanaweza kutusaidia. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba watokao penye tauni wakae nje ya mji siku 30. Baadaye, mahali pengi, siku zikawa 40, na katika hesabu hiyo ya arobaini kwa Kiitalia ndimo lilimotoka neno letu karantini. Fikirini baharia aliyekaa kisiwani akitazama kuta za mji. Siku 40 ni nyingi, lakini zahesabika. Kila jioni imebaki moja pungufu. Na watawala wale hawakuyajua maradhi kuliko sisi, kwa kuwa habari za vijidudu zilikuwa bado karne nyingi mbele. Basi kwa nini tarehe yao ilikuwa ya haki? Kwa sababu lango lilikuwa lao. Hawakusema "tauni itakwisha siku ya arobaini," jambo wasilolijua. Walisema "siku hiyo tutafungua," jambo lililo mikononi mwao.

Nadhani hapo ndipo penye mpaka. Mwenye ufunguo ana haki ya kutaja siku, na akiitaja imekuwa deni. Asiye na ufunguo hana haki hiyo hata kwa nia njema. Mwaka 2020 hakuna aliyekuwa nao. Kampuni iliitazama serikali, serikali iliutazama ugonjwa, na ugonjwa haukumtazama mtu.

Je, asiye na ufunguo anyamaze? La. Anaweza kueleza lango limefungwa na nini. Mwisho wa Oktoba 2020 CDC iliacha kusogeza mbele tarehe, ikaweka masharti: meli iweze kupima watu ndani yake, na isafiri kwanza safari ya majaribio isiyo na abiria wa kulipa. Huo ulikuwa unyofu zaidi kuliko tarehe zote zilizotangulia, maana aliyesoma aliweza kujua atazame nini. Lakini masharti nayo yana hila zake. Maelekezo ya hatua iliyofuata hayakutoka mpaka tarehe 2 Aprili 2021, miezi mitano mizima, na wakati huo sharti ambalo huwezi kulitimiza kwa kuwa hujaelezwa lina tofauti gani na mlango uliopigwa misumari? Mwezi huohuo jimbo la Florida lilishtaki, na mwezi Juni jaji akalipa haki. Chanjo ilikuwa imebadili mambo tayari, na tarehe 26 Juni 2021 Celebrity Edge iliondoka Fort Lauderdale na abiria, ya kwanza katika bandari za Marekani tangu marufuku.

Yakobo katika waraka wake aliwaonya wafanya biashara wapangao kwenda mji fulani na kukaa mwaka mzima, hali hawajui yatakayokuwa kesho, akawataka waseme kwanza kwamba ni Bwana akipenda. Twalipenda sana neno hilo, pengine mno. Kuna asemaye "Mungu akipenda" akimaanisha kwamba atajitahidi na mengine hayako mikononi mwake. Na kuna alisemaye akiwa amekwisha kuazimu kutokuja.

Nimesema habari za abiria kwa kirefu, lakini "lini" yao ilikuwa nyepesi kuliko nyingine. Skagway, mji mdogo wa Alaska wenye watu wapatao 1,000, ulipokea wageni kama milioni moja mwaka 2019, na mwaka 2020 haikufika hata meli moja kubwa. Mwenye duka pale hakuwa akingoja likizo. Wala hawakuwa wakiingoja mabaharia. Katikati ya Aprili 2020, karibu na pwani za Marekani tu, walikuwamo watu karibu 80,000 wa kazi ndani ya meli zipatazo 100 zisizo na abiria. Wengi walitoka Ufilipino, India na Indonesia. Mikataba yao iliisha, wengi mshahara ukakatika, viwanja vya ndege vilifungwa, na nchi nyingine zilikataa kuwapokea hata raia wao wenyewe. Wenye tiketi walipewa tarehe baada ya tarehe. Hawa waliokuwa na haki kubwa zaidi ya kujibiwa, ndio waliojibiwa mwisho. Kama ningepewa nafasi ya kuwashauri wenye makampuni wale ningesema neno moja: jibuni kwanza swali la anayetaka kwenda kwao, ndipo mjibu la anayetaka kutoka.

Mwezi Mei meli zaidi ya kumi za namna hiyo zilikuwa zimetia nanga katika ghuba ya Manila, na Wafilipino waliokuwamo walikuwa wakiona taa za mji wao usiku. Walikuwa wakingoja majibu ya vipimo. Nchi kavu nako wenzao wapatao 24,000, waliorudi kutoka kazi za ng'ambo, walikuwa wamekwama karantini, wengine kwa majuma mengi kupita yale waliyoambiwa. Mwisho wa mwezi huo Rais Duterte aliziamuru idara zake ziwafikishe makwao katika muda wa juma moja, wakaanza kusafirishwa kwa mabasi, kwa meli na kwa ndege.