Ukimya Wangu Haukuwa Upendo



Vijana wenzangu, leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa. Ukimwona rafiki yako wa karibu anazama kwenye pombe, unamwambia au unanyamaza? Na ukinyamaza, ni kwa sababu unampenda yeye, au unajipenda wewe? Mimi nilinyamaza karibu mwaka mzima. Naandika haya kwa ruhusa yake, ila jina lake nalibakiza kwangu.

Tulipangiwa kufundisha pamoja huku Kiongoroni, delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Kwa wasiopafahamu, huku barabara ni maji. Ukitaka kusafiri unaangalia maji kwanza: yakijaa unapanda mtumbwi au boti, yakipwa unabaki na tope na mikoko. Wakatoliki tuko wachache sana, majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Jumapili tunakusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Neno na kusali, Misa tunapata padre akifika. Mahali kama hapa rafiki anakuwa ndugu, jirani na jumuiya kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa tunapika chungu kimoja.

Sasa, huku kuna minazi, na penye minazi pana mgema. Tembo likiteremshwa asubuhi ni tamu, mtu anaweza kusema ni kinywaji cha kawaida tu. Likikaa mpaka jioni limeshachacha na kuwa kali. Rafiki yangu alianza na lile la asubuhi, Jumamosi, kikombe kimoja. Hata mimi nilionja. Halafu likaja la jioni. Halafu zikaja pombe kali za vichupa, alizorudi nazo kila alipokwenda Kibiti mjini. Akawa haachi siku ipite. Asubuhi mikono ilimtetemeka mpaka chaki inamwanguka.

Nilifanya nini? Nilimshikia vipindi. Mwalimu mkuu aliponiuliza mwenzangu yuko wapi, nilisema ana malaria. Aliponiuliza mara ya pili, malaria. Mara ya tatu, malaria tena. Nikajiambia ndiyo urafiki huu, kusitiriana. Si wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka? Basi fimbo ya karibu nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeiweka chini.

Jioni moja nikakutana na mtoto wa darasani kwangu amebeba dumu, linamwelemea. "Shikamoo mwalimu." Marahaba, unatoka wapi? "Kanituma mwalimu, kwa mgema." Nikamtazama. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Angalia usimwage." Kisha nikapita.

Usiku ule sikulala. Sikuwaza tena habari ya rafiki yangu peke yake. Niliwaza yule mtoto, ambaye alikuwa amejifunza kitu kwa walimu wawili: mmoja aliyemtuma, na mmoja aliyemwona akanyamaza.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, nikalipuka. Mbele ya watu watatu nikamwambia rafiki yangu amekuwa mlevi, anatuaibisha, Waislamu wanatucheka. Alisimama, akachukua mtandio wake, akaondoka. Siku ile alikunywa kuliko siku zote. Mimi nilirudi nyumbani nimefura, nikisema moyoni: angalau nimetimiza wajibu wangu. Kumbe nilichofanya ni kuutua mzigo wangu na kumtwika yeye.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha Mtakatifu Monika. Wengi tunamjua kama mama aliyemlilia mwanawe Augustino mpaka akaongoka. Lakini Augustino mwenyewe, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari ya mama yake alipokuwa msichana huko Tagaste, mji ambao leo uko Algeria. Wazazi wake walikuwa wakimtuma kuteka divai pipani. Akaanza kwa kugusisha midomo tu, kwa utundu wa kitoto. Kesho akaongeza kidogo, kesho kutwa kidogo, mpaka akawa anakunywa vikombe karibu kujaa. Alikuwa na kijakazi aliyefuatana naye kila siku kwenda pipani. Siku moja wawili hawa wakagombana, na yule kijakazi kwa hasira akamtukana kuwa ni mnywaji. Neno lile likamchoma Monika. Akajiona alivyo, akaacha.

Mtu anaweza kusema: basi, si ndiyo hivyo hivyo ulivyofanya? Mbona kwa Monika matusi yalifaa? Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka nilipokitazama kisa vizuri. Jambo la kwanza, wale wawili walikuwa peke yao. Monika hakuwa na wa kumwonea aibu ila Mungu na nafsi yake. Mimi nilimpa rafiki yangu watazamaji watatu, akawa na kazi ya kutetea heshima yake badala ya kujitazama. Jambo la pili, Augustino hamsifu yule kijakazi. Anasema alitaka kuumiza, hakutaka kuponya, na kwamba aliyeponya ni Mungu, aliyeutumia hata ubaya wa mtu mmoja kumtibu mwingine. Mungu anaweza kuokoa kwa tusi langu, lakini hilo halilifanyi tusi langu kuwa tendo jema.

Jambo la tatu ndilo lililonikaba. Augustino anadhani huenda kijakazi alisema faraghani kwa kuogopa kuwa naye ataingia matatani kwa kuchelewa kusema. Maana alikuwa anajua siku zote. Kila siku alisimama pale pipani, anaona, ananyamaza. Basi yule binti alikuwa mimi kabisa: kwanza nikanyamaza kwa woga, halafu nikasema kwa hasira. Na katika mambo yote mawili, niliyekuwa namfikiria ni mimi.

Ndugu zangu, Kanisa linatufundisha kwamba kumwonya anayekosea ni tendo la huruma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1829, inasema mapendo yanadai tutende mema na tuonyane kidugu. Namba 2290 inataja wazi matumizi mabaya ya pombe kuwa kinyume na fadhila ya kiasi. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kumwonya ndugu ni tendo la mapendo kuliko hata kumtibu ugonjwa wa mwili. Tungemwona rafiki ana kidonda, tungemkimbiza kwa daktari usiku huo huo. Kidonda cha rohoni tunakifunika kitenge.

Lakini mtauliza, je, hakuna wakati wa kusubiri? Upo. Augustino anatupa kipimo kizuri katika kitabu cha Mji wa Mungu. Ukichelewa kuonya kwa sababu unatafuta wakati unaofaa, au unaogopa kwamba kwa sasa utamharibu zaidi, huo ni upendo. Ukichelewa kwa sababu unaogopa kuchukiwa, kupoteza raha yako au jina lako, hiyo ni tamaa. Kwa hiyo swali si "nimesubiri muda gani?" Swali ni "nasubiri kwa faida ya nani?" Mimi mwaka mzima nilisema nasubiri wakati mzuri. Ukweli ni kwamba niliogopa kula peke yangu.

Baada ya siku tisa za kununiana nilimfuata nyumbani kwake. Nilikwenda alfajiri, kabla hajanywa. Yesu anatuelekeza katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kwamba tuanze na faragha, wewe na ndugu yako tu. Sikuanza na makosa yake. Nilianza na yangu: nimekuaibisha mbele za watu, nisamehe. Nimedanganya mara tatu kwamba una malaria. Nimemwona mtoto amebeba dumu lako nikampita. Sitadanganya tena, na mtoto mwingine sitampita.

Akasema, "Wewe si umekunywa na mimi?" Nikasema, kweli. "Sasa leo umekuwa padre?" Nikasema, hapana, nimekuwa rafiki, nimechelewa tu. Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Mwaya, usiku wa huku ni mrefu."

Katika mwaka mzima sikuwahi kumuuliza habari ya usiku wake. Nilihesabu vikombe, sikumuuliza kiu ilitoka wapi. Jioni ile nilihamishia mkeka wangu kwake, na nikakaa miezi miwili.

Hatukuishia kwenye sala tu, na hili nawaomba mlishike. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikata ghafla bila msaada anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege na kufa. Usimwambie rafiki yako "acha leo leo" halafu ukaenda zako. Mpeleke kwa wataalamu wa afya. Sisi tulipanda boti, tukaenda pamoja. Aibu yake tuligawana wawili.

Mnakumbuka tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, zile pombe za vipakiti. Ulikuwa uamuzi mzuri, maana hata watoto waliweza kuvinunua. Lakini sheria inaweza kuondoa kipakiti dukani, haiwezi kukaa na mtu jioni. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Je, ameacha? Ameanguka mara mbili tangu siku ile. Mara ya pili alikuja mwenyewe kunigongea, akasema, "Nimeanguka." Zamani angejificha. Leo anafundisha, mkono hautetemeki, na Jumapili iliyopita alisoma somo la kwanza. Kesho tutaiona kesho.

Kijana mwenzangu, labda unaposoma hapa kuna jina limekujia. Usimtumie ujumbe wa simu. Usimseme kwenye jumuiya kwanza, wala kwenye kikao cha vijana. Jichunguze: nasubiri kwa faida ya nani? Ungama na uongo uliousema kwa ajili yake. Kisha nenda, wewe na yeye tu, saa ambayo hajanywa. Na kabla hujafungua mdomo, amua kwamba ukishasema, utabaki.

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyemponya Monika kwa neno lililosemwa kwa chuki, uniepushe nisisubiri adui amwambie rafiki yangu ukweli ninaoujua mimi. Nipe ujasiri wa kusema na subira ya kukaa. Amina.

Mtakatifu Monika, utuombee.