Mwenye Haya Mezani kwa Mickey
Mtu mwenye haya akisikia kwamba kwenye mkahawa wa Chef Mickey's, ndani ya hoteli ya Contemporary huko Walt Disney World, Florida, wahusika wa katuni hupita meza kwa meza wakisalimia walaji, hamu ya chakula humwisha papo hapo. Nadhani anaogopa bure. Kule nje kwenye bustani za burudani za Disney humbidi apange foleni, kisha ajitokeze mbele huku walio nyuma yake wakimkodolea macho. Mezani ameketi na watu wake, na anayefuatwa ni yeye. Tena Mickey, Goofy na wenzao waliovaa vinyago hawasemi neno. Huongea kwa mikono na mabega, basi hakuna swali la kujibu. Wanaozungumza ni mabinti wa kifalme kama Cinderella, wa mikahawa mingine, tena ni wadadisi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza heri meza ya vinyago.

Wapo watakaosema mezani ndiko hakuna pa kukimbilia, hasa mdomo ukiwa umejaa mayai. Kweli, lakini ziara yenyewe ni fupi, maana meza nyingine zinangoja. Kupunga mkono ukiwa umekaa kunatosha. Kalamu na kijitabu cha sahihi huipa mikono kazi. Asiyetaka kabisa amnong'oneze mhudumu mapema. Na wanaolalamika kwamba bei ni kubwa mno kwa mtu wa kujificha (kubwa ni kubwa kweli), wajue hakuna bili inayopungua kwa kuwa umekumbatiana na Goofy.