Kikulacho ki Nguoni Mwako

"Kikulacho ki nguoni mwako" ni methali inayofundisha kwamba kinachomdhuru mtu mara nyingi hakitoki mbali: kimo katika kile alichokivaa, alichokizoea na kukiamini. Inajulikana kuanzia Unguja na Mombasa hadi masoko ya Ituri, mashariki mwa Kongo. Wengi huitumia kuonya juu ya rafiki msaliti, na hapo huishia. Lakini ndani yake mna amri ngumu zaidi, amri ya mtu kujikagua. Ugumu huo umeonekana kila kashfa ya unyanyasaji ilipofichuka michezoni, mashabiki na wazazi wakalazimika kujiuliza wao wenyewe walikuwa wapi.

Kwa maana ya nje, methali inamzungumzia chawa wa nguo. Mdudu huyu hakai mwilini. Hukaa katika nguo, hutaga mayai kwenye mishono, huja kwenye ngozi kunyonya damu, kisha hurudi alikotoka. Kpandroma, katika nyanda za juu za Djugu huko Ituri, baridi ya asubuhi humvalisha mtu sweta juu ya shati na jaketi juu ya sweta. Mahali kama hapo methali haihitaji mkalimani: kadiri nguo inavyotia joto, ndivyo chawa anavyostarehe ndani yake. Dawa yake ni ya kale. Nguo huvuliwa, hupinduliwa ndani ikawa nje, mshono hufuatwa polepole kwa kucha za vidole gumba viwili, kisha nguo huchemshwa na kuanikwa juani. Anayejikuna bila kuvua hupata nafuu ya kitambo tu. Usiku huliwa tena.

Maneno ya methali yenyewe yamepangwa kwa uangalifu. Katika "kikulacho", anayekula hatajwi jina. Ameachwa katika ngeli ya "ki", ngeli ya vitu, kwa kuwa hajulikani ni nani wala ni nini mpaka atafutwe. Anayeliwa ndiye anayetajwa, kwa "ku": ni wewe. Na Kiswahili kina "pako", "kwako" na "mwako". Methali imechagua "mwako", neno la ndani kabisa. Haisemi kwamba adui yuko karibu na nguo wala juu ya nguo. Yumo ndani, kwenye mishono. Tena nguo ni yako. Nguo ya jirani haikutajwa.

Hapo ndipo maana ya ndani inapoanzia. Kama chawa yumo katika nguo ya mtu, kazi ya kumtafuta ni ya mwenye nguo. Kazi hiyo ina hatua tatu: kukubali kwamba mwasho una sababu, kuvua, na kukagua. Kila hatua ina gharama yake. Kukubali kunaumiza fahari. Kuvua kunaondoa joto na kumwacha mtu na aibu mbele ya watu. Kukagua kunachukua muda, na huenda kikaonekana kitu ambacho mwenyewe hakutaka kukiona. Ndiyo maana wengi huchagua kujikuna.

Mchezo ni miongoni mwa nguo zenye joto zaidi ambazo jamii huvaa. Humpa mtoto wa maskini jina, humpa mzazi tumaini, humpa shabiki sababu ya kuimba na watu asiowajua. Joto hilo si la uongo. Lakini ndani yake mtu mmoja, kocha, daktari wa timu, meneja au mume, hupewa mamlaka makubwa juu ya mwili wa mwingine: aamke saa ngapi, ale nini, alale wapi, asafiri na nani, pesa zake zishikwe na nani. Ndani ya mshono huo ndimo anamojificha mnyanyasaji.

Afrika Mashariki imeliona jambo hilo kwa macho yake. Tarehe 13 Oktoba 2021 Agnes Tirop alikutwa amekufa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, Kenya. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu aweke rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1, huko Ujerumani. Alizikwa tarehe 23 Oktoba, siku ambayo angetimiza miaka 26. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo, akakana. Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 11 Agosti 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda alimaliza wa 44 katika marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Tarehe 1 Septemba mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake Endebess, katika kaunti ya Trans-Nzoia. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali ya Eldoret, akazikwa kwao Bukwo. Baba yake alieleza kwamba malalamiko yalikuwa yameshapelekwa polisi kabla ya moto huo.

Kifo cha Tirop kiliwafanya wanariadha wenyewe kuanzisha shirika la Tirop's Angels na kusema hadharani mambo yaliyokuwa yakinong'onwa kambini: wanaume wanaojiita makocha na mameneja, wanaowakaribia wasichana wakiwa bado wadogo, wakawaoa, kisha wakashika zawadi, nyumba na mashamba yao. Kwa shabiki, habari hizi zina swali lisilokwepeka. Maelfu walijua muda wa Tirop hadi sekunde. Ni wangapi waliouliza, mbio zikiisha, anarudi nyumbani kwa nani? Kumpenda mshindi na kutomjua mtu ni mshono wa kwanza wa kukaguliwa.

Mshono wa pili ni fahari. Mwaka 2011, nchini Marekani, Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani wa timu ya chuo kikuu cha Penn State, alikamatwa kwa kuwadhulumu wavulana kingono. Wengi wao aliwapata kupitia shirika la hisani alilolianzisha mwenyewe mwaka 1977 kwa ajili ya watoto wenye shida. Wema ndio uliokuwa nguo yake. Kocha mkuu Joe Paterno alipofukuzwa usiku wa tarehe 9 Novemba kwa sababu hakufanya vya kutosha baada ya kuambiwa juu ya dhuluma hiyo, wanafunzi kwa maelfu waliingia barabarani na kupindua gari la kituo cha habari. Walimlilia kocha kabla ya kuwalilia watoto. Juni 2012 Sandusky alipatikana na hatia ya makosa 45, na Julai sanamu ya Paterno ikaondolewa mbele ya uwanja. Kuondoa sanamu ni rahisi. Kilicho kigumu ni shabiki kukiri kwamba usiku ule ukubwa wa timu ulimjia moyoni kabla ya maumivu ya mtoto.

Hasira za kelele mara nyingi ni kujikuna. Shabiki anayemtukana mnyanyasaji baada ya hukumu hupata nafuu, na nafuu hiyo humfanya ajione msafi. Methali inamtaka afanye zaidi: akumbuke utani alioucheka, uvumi alioupuuza kwa sababu timu ilikuwa inashinda, na mwathirika aliyemwita mwongo kwa sababu alimtaja mtu mwenye vikombe.

Mshono wa tatu, wenye uchungu kuliko yote, ni imani ya mzazi. Andy Woodward, mchezaji wa zamani wa klabu ya soka ya Crewe Alexandra ya Uingereza, alisimulia Novemba 2016 kwamba kocha wa vijana Barry Bennell alianza kumdhulumu akiwa na miaka 11. Bennell hakuishia uwanjani. Aliizoea familia, baadaye akamwoa dada yake Woodward, na mvulana aliyeumizwa akaketi harusini kimya huku mtesi wake akigeuka shemeji. Ni vigumu kupata mfano unaoifuata methali kwa ukaribu zaidi: chawa aliyeingia nguoni hadi akawa jamaa. Mwaka 2018 Bennell alihukumiwa miaka 30 jela kwa makosa dhidi ya wavulana wengine.

Mwezi Januari mwaka huohuo, katika mahakama ya Michigan, wanawake na wasichana 156 walitoa au walisomewa maelezo yao dhidi ya Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Wengine waliguswa vibaya huku mzazi yumo chumbani, daktari akiwa amesimama kwa namna ya kumziba macho. Wa kwanza kuzungumza alikuwa binti wa marafiki wa daktari huyo. Alieleza kwamba alipowaambia wazazi wake akiwa mtoto, wao walimwamini daktari. Nassar alihukumiwa kati ya miaka 40 na 175. Lakini mzazi aliyesikia kilio na kuamini koti jeupe hubaki na hukumu nyingine ambayo jaji hakuitoa.

Hapa ufafanuzi unahitaji uangalifu. Methali haimhamishii mzazi hatia ya mnyanyasaji, sembuse kumhamishia mtoto. Mwenye nguo hakumuumba chawa. Damu iliyonyonywa iko mikononi mwa aliyenyonya. Kinachomhusu mwenye nguo ni wajibu: yeye peke yake anaweza kuvua na kutazama. Hatia hutazama jana na humtafuta mkosaji. Wajibu hutazama kesho na humtafuta anayeweza kuzuia. Anayechanganya mambo hayo mawili huangukia moja ya makosa mawili: kujitesa bila faida, au kujitetea mpaka asione tena.

Kuna kosa jingine, nalo Ituri inalijua kwa gharama. Vita vya 1999 hadi 2003 viliwafanya majirani Wahema na Walendu watazamane kama wadudu, na mapigano yakarudi mwishoni mwa 2017. Penye hofu, "kikulacho ki nguoni mwako" huweza kugeuzwa wito wa kumwinda jirani. Hiyo ni kuipindua methali. Neno la kwanza ni "kikulacho", kitu kinachokula, na la mwisho ni "mwako", ndani mwa anayeliwa mwenyewe. Historia ya Ituri yenyewe inathibitisha: hukumu ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha la Ituri, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hao hawakuingizwa vitani na maadui wa ng'ambo. Waliingizwa na upande uliosema unawalinda.

Methali nyingine huisaidia hii. "Nyumba njema si mlango" hukumbusha kwamba vikombe ukutani si ushahidi wa usalama wa watoto waliovileta. "Mficha maradhi kifo humuumbua" huonya familia inayochagua kimya. Inayopingana nayo ni "Funika kombe mwanaharamu apite", ushauri wa kusitiri jambo ili aibu ipite. Katika ugomvi mdogo wa jamaa, ushauri huo una hekima. Katika dhuluma ya mtoto, ni sumu. Watu wazima wa familia mbili wakikaa, mbuzi wakatolewa, ndoa ikapendekezwa na shauri likafungwa, kombe limefunikwa na aliyeumizwa amebaki chini yake. Sheria ya Kongo haikubali mapatano hayo: Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 ilikaza adhabu za makosa ya kingono, na Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inamlinda kila ambaye hajatimiza miaka 18.

Katika kituo kama Kpandroma, ukaguzi unaotakiwa na methali hauhitaji tume. Huanza na maswali ambayo kila mzazi anaweza kuyauliza, tena mbele ya wote, bila kumshtaki mtu. Timu ikienda kucheza Bunia, watoto watalala wapi, na mtu mzima gani yuko nao, peke yake au na wenzake? Viatu na nauli ambavyo kocha anampa mtoto mmoja, vinatolewa kwa sababu gani? Mazoezi ya peke yao yanafanyika wapi, na nani anaweza kupita na kuona? Mtoto akitaka kulalamika, ataenda kwa nani asiyekuwa kocha huyohuyo? Kocha mwema haumizwi na maswali hayo. Yanamlinda yeye pia. Shabiki naye ana sehemu yake: kutomzomea mtoto aliyeacha timu kabla ya kujua kwa nini aliacha.

Methali haisemi nguo itupwe. Watoto wa nyanda za juu wanauhitaji mpira, kama wanavyolihitaji sweta asubuhi ya baridi, na mchezo uliosafishwa unawatia joto lilelile. Lakini mwasho ukisikika, usikunwe tu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani akisema leo hataki kwenda mazoezini, aketishwe, aulizwe kwa upole, asubiriwe mpaka apate maneno, na akishayapata, aaminiwe.