Vitu vya Mpangaji Aliyehama ni vya Nani?

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:1-3 na 24:10-13

Wiki hii tuongee juu ya jambo ambalo halihubiriwi sana, lakini liko katika kila ploti kuanzia Matisi mpaka Kanduyi. Mpangaji amehama usiku, kodi hajalipa, ameacha vitu ndani. Hivyo vitu ni vya nani?

Nitaanza na mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alitoka kwa chumba changu hapa Kitale akiwa na deni la miezi mitatu. Kodi ilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa hivyo nilimdai 9,000. Nilingoja wiki mbili, nikavunja kufuli. Nikauza kitanda, kabati na mtungi wa gesi, nikapata 11,500. Makaratasi na vitu vidogo vidogo nikamwambia kijana anayeniangalizia ploti achome. Nikasema moyoni, Mungu amenilipia deni langu. Hata zaka nilitoa.

Mwaka uliofuata binti yake akasimama langoni. Hakuulizia kitanda. Alisema, "Baba, samahani. Mama amenituma niulize kama mlibaki na picha ya marehemu baba yetu. Tulikuwa na hiyo moja tu."

Nilikosa jibu. Na usiku ule nikapiga hesabu ambayo sikuwa nimepiga. Nilidai 9,000, nikachukua 11,500. Kumbe tangu siku ile niliyouza, mdeni alikuwa mimi! Na juu ya hiyo 2,500 kuna picha ambayo sokoni haina bei. Nabii Amosi, sura ya 2 mstari wa 8, anawakemea watu waliolala kando ya madhabahu juu ya nguo za watu walizoshika kama rehani. Nilikuwa nikidhani hao ni watu wa zamani.

Mtu ataniuliza, "Sasa nifanyeje? Chumba kikae stoo, na benki inanidai mkopo?" Swali hilo ni la haki. Mwenye nyumba pia ana watoto, na mpangaji anayekimbia deni amekosa. Zaburi ya 37 haimsifu anayekopa na asilipe. Lakini tusichanganye mambo mawili. Deni ni langu, vitu ni vyake. Deni linanipa haki ya kudai, halinigeuzi kuwa mwenye mali.

Neno la Mungu liko wazi hapa. Mali ya ndugu yako iliyopotea unaiweka kwako mpaka mwenyewe aitafute, kisha unamrudishia. Na anayedai rehani asiingie kwa nyumba ya mdeni. Angoje nje, aletewe. Akiwa maskini, arudishiwe vazi lake jua likitua, apate kulalia. Hata serikali imeweka mpaka. Sheria za Kenya, Sura ya 293, zinampa mwenye nyumba njia ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, lakini kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Si yangu mimi na nyundo.

Tena, si kila anayeondoka ghafla ni mwizi wa kodi. Mapema mwaka wa 2008 watu wengi walikimbia makwao wakalala kwa mahema katika uwanja wa maonyesho hapa Kitale. Nani kati yao alipata nafasi ya kufunga mizigo? Mwaka wa 2009 kiwanda cha Pan Paper kule Webuye kilifungwa, na mishahara ikakatika. Mlango uliofungwa haukwambii huyu alikimbia nini.

Kwa hivyo wenye nyumba, tufanye hivi. Mpigie simu mpangaji, pia umtafute kupitia jamaa zake. Fungua chumba mbele ya mzee wa mtaa, mwandike kila kitu. Vyeti, kitambulisho, picha na Biblia, weka kando: hivyo haviuzwi wala havichomwi, hata kama deni ni kubwa namna gani. Ukitaka kudai kodi, fuata njia ya sheria. Gharama ya kuhifadhi ihesabiwe kwa haki, na pesa ikizidi deni, hiyo ziada ni ya mwenyewe. Nanyi wapangaji, ukishindwa kulipa, usihame usiku. Kuja useme. Aibu ya kusema ni ya siku moja.

Yule binti nilimpa 2,500 zake. Alizihesabu, akashukuru, akaenda. Picha sikuweza kumpa, na mpaka leo sina cha kulipa mahali pake. Mpendwa, kama kwa stoo yako kuna boksi la mtu, usingoje mpaka abishe hodi. Mungu akubariki.