Penye Kambale na Mamba Yupo

Kisa hiki kiliikuta familia ninayoifahamu, ya hapahapa Dar es Salaam. Wenyewe wameridhia nikisimulie ili mzazi mwingine asipite njia hiyohiyo. Majina tutayaacha.

Baba, mama, watoto watatu na mjomba wao walipanga Jumamosi ya kwenda kuvua kambale Mto Ruvu, upande wa Bagamoyo. Nia ilikuwa njema. Watoto wa mjini wengi wanamjua samaki akiwa sufuriani tu, na wazazi hawa walitaka wanao waone anavyotolewa majini. Walibeba mishipi, ndoano, nyungunyungu, mfuko wa utumbo wa kuku, pilau na maji ya kunywa. Kila kinachohusu samaki kilikumbukwa. Kuhusu mto wenyewe hakuna aliyeuliza.

Tusiwalaumu haraka. Wengi wetu, nikiwamo mimi, tukipanga matembezi huhesabu chakula na mafuta ya gari, tukasahau kabisa kuuliza habari za huko tuendako.

Dalili ya kwanza waliikuta pale wanakijiji wanapochota maji. Palikuwa pamezungushiwa miti iliyochomekwa hadi ndani ya mto. Uzio wa namna hiyo huwekwa ili mamba asimfikie mchotaji. Familia iliupita, ikaenda kukaa mbele kidogo, penye kivuli kizuri na ukingo ulio wazi.

Dalili ya pili ilikuwa palepale kivulini. Tope la ukingo lilikuwa limesuguliwa likawa laini, mfano wa mfereji mpana unaoteremka majini, na pembeni yake kulikuwa na alama za kucha. Watoto walifurahi, wakawa wanateleza juu yake. Ile ilikuwa njia ya mamba, anapopanda kuota jua na kurudi mtoni.

Dalili ya tatu ilitoka kinywani mwa mtu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake jirani, aliitikia shikamoo za watoto kisha akamgeukia baba yao. “Wanangu, hapa watoto wasisogelee maji. Na jua likianza kushuka, ondokeni.”

“Tumekusikia mzee wetu, tunamalizia tu,” baba akajibu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili kasoro walikuwa bado wapo.

Aliyewashikilia ni kambale mwenyewe. Samaki huyu hutegemea harufu na sharubu zake kuliko macho, kwa hiyo hupenda kutafuta chakula giza linapokaribia, kwenye maji ya tope yaliyotulia. Mchana kutwa chambo kilidokolewa tu. Ilipofika saa kumi na moja jioni, wakaanza kuvuta mmoja baada ya mwingine. Ni vigumu mno kukunja mshipi wakati kama huo. Lakini saa hiyo ndiyo ambayo mamba huingia mawindoni na kiboko hutoka majini kwenda malishoni. Na harufu ya utumbo wa kuku inayomwita kambale humwita mamba vilevile.

Wakaongeza na kosa jingine. Waliwapasua samaki ukingoni, wakawaoshea palepale na kutupa matumbo mtoni. Mamba ana subira, na akiona mahali windo linaporudi mara kwa mara, hujongea akangoja. Mtoto wa kati, mwenye miaka 9, alipotumwa kusuuza ndoo, aliinama mahali palepale walipokuwa wakiinama wakubwa. Mjomba aliona maji yakivimba kidogo, bila sauti. Mara mamba akadaka ndoo na mkono kwa pamoja. Mjomba akamkamata mtoto kiunoni, na yule mzee akaja mbio na kasia, akampiga mamba puani mpaka akaachia.

Mtoto yu hai, tunamshukuru Mungu. Lakini mkono ulivunjika, na vidole viwili havikunjiki tena hadi leo.

Ndugu msomaji, mto huo ulikuwa na uzio, ulikuwa na alama kwenye tope, na ulikuwa na mzee wa kuusemea. Kilichokosekana ni masikio. Basi safari ya namna hii ianze kwa mwenyeji kabla ya kununua chambo. Tuulize ofisi ya kijiji au wavuvi: mamba wameonekana wapi, kiboko anapita wapi, maji yamepanda au yameshuka? Ruvu huanzia Milima ya Uluguru, hivyo mvua ya Morogoro inaweza kuujaza huku Dar es Salaam jua linawaka. Watoto wasiingie majini hata pasipo na mamba, kwa sababu kwenye maji baridi yaliyotulia kuna kichocho. Samaki wapasuliwe mbali na ukingo. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuangalia watoto tu, asishike mshipi kabisa. Na saa ya kuondoka ipangwe kabla ya kutoka nyumbani.

Lililo bora zaidi ni kumtafuta mfugaji mwenye bwawa la kambale pembezoni mwa jiji, tukakubaliana naye watoto wavue mchana na tumlipe kwa kilo. Mtoto ataona sharubu, atajifunza kumshika samaki bila kuchomwa na miiba ya mapezi, na atarudi na kitoweo. Hata hapo asiachwe peke yake, kwani maji ya bwawa nayo huzamisha.

Kwa wale watakaokwenda mtoni, nawaombeni jambo moja. Mwenyeji akituambia tuondoke, tuondoke saa hiyohiyo, hata kama samaki ndio kwanza wameanza kula.